Nilipanga Wimbo Ambao Simo

Wanangu mnaopiga kinanda kwenye kwaya na kwenye kumbi za harusi hapa Morogoro, nawasikia. Nyumba yangu iko Bigwa, jirani kabisa na ukumbi, na Jumamosi mchana dirisha likiwa wazi nasikia kila kitu, hata kile mnachodhani spika zimekifunika. Nasikia mnavyowasha mdundo kwa kitufe kimoja, kisha mnaufuata nyuma kama abiria. Sisemi ni vibaya. Mimi ningekuwa na kitufe hicho nikiwa binti, ningekibonyeza mpaka kitoboke. Lakini juzi binti mmoja wa kwaya alinikuta namwagilia mchicha akaniuliza, "Bibi, ni kweli na wewe ulikuwa mwanamuziki?" Nikajibu ndiyo. "Uliimba wimbo gani?" Nikamwambia sikuimba. Akaniaga kwa adabu, akaenda zake. Haya basi ndiyo ambayo ningemwambia kama angengoja nimalize tuta.

Kazi yangu ilikuwa kupiga piano na kupanga muziki wa bendi. Mtunzi analeta wimbo wake, maneno na tyuni, anaupiga kwa gitaa moja. Mpangaji ndiye anayeamua tarumbeta ziingie wapi, saksafoni ijibu nini, besi itembee vipi, na nani anyamaze. Hilo la kunyamaza ndilo gumu kuliko yote. Kumwambia mtu mzima mwenye saksafoni mpya kwamba ubeti wote wa kwanza hana kazi kunataka maneno laini, na ikiwezekana chai.

Muziki nilifundishwa na baba. Alikuwa katekista katika kijiji cha misheni huko juu Uluguru, mahali ambapo ukungu unaingia kanisani kabla ya waumini. Alipiga kile kinanda cha kukanyaga kwa miguu, na alinifundisha do re mi kabla sijajua kusoma vizuri. Nota aliziandika kwa herufi katika madaftari ya shule, d na r na m, na mpaka leo nikifikiria muziki nauona kwa mwandiko wake.

Nikashuka mjini kufanya kazi kiwandani, sehemu ya kufungasha. Kantini ya kiwanda ilikuwa na piano iliyoachwa na mameneja wa zamani, imesukumwa ukutani, juu yake wamepanga sahani. Saa ya chakula nikawa naondoa sahani, naipiga. Vibao vingine havikutoa sauti kabisa, vingine ukivibonyeza vinabaki huko huko chini. Wakati wa masika ndiyo ilikuwa balaa, kwa sababu mbao zinavimba kwa unyevu. Nikafungua ubao wa chini, nikaning'iniza balbu ndogo ndani, ikawa inawaka mchana kutwa, na joto lake likaikausha. Panya walikuwa wamekula vile vitambaa vizito vinavyofunika nyundo. Nikakata kofia kuukuu ya pama, nikagundisha vipande kimoja kimoja. Kama kanisani kwenu kuna piano ya zamani, jaribuni hiyo balbu, ila mhakikishe haigusi mbao.

Bendi ya kiwanda ilifanya mazoezi kantini hapo hapo zamu ya mchana ikiisha. Siku moja nilikuwa bado niko kwenye piano wakati mpiga tarumbeta wao alipowahi kufika. Aliitwa Mzee Athumani, mwenyeji wa Kigoma, mtu mrefu mpole ambaye tarumbeta alijifunzia jeshini. Alisimama mlangoni na mfuko wa chombo begani.

"Binti, hicho ulichopiga sasa hivi, kirudie."

Nikarudia. "Shikamoo."

"Marahaba. Umejifunzia wapi?"

"Kanisani."

"Kanisani wanapiga hivyo?"

"Hapana. Hapo nilikosea."

Akacheka, akaweka mfuko chini. "Basi kosea tena, nikusikilize."

Ndivyo nilivyoingia kwenye bendi. Kiongozi wetu alikuwa Sostenesi, fundi wa mitambo pale kiwandani, mpiga gitaa na mtunzi. Alikuwa na sauti nzuri na maneno mengi. Kwa kuwa nimetokea misheni, siku ya kwanza tu akaniita Sista, na bendi nzima ikanifuata hivyo hivyo. Nadhani nusu yao hawakuwahi kujua kwamba naitwa Skolastika.

Nataka niwaambie kosa langu la kwanza, maana nimewaona na nyinyi mkilifanya. Nilipanga utangulizi wa wimbo kwa tarumbeta mbili na saksafoni, nikawaimbia kila mmoja sauti yake, kisha nikasema kwa kujiamini, "Do yetu ni C. Moja, mbili, tatu." Kilichotoka hapo sijawahi kukisikia tena. Mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi kuangalia kuna nini. Mimi nikadhani wananifanyia mzaha kwa kuwa ni mwanamke. Machozi yakanilenga.

Mzee Athumani akaja kwenye piano. "Piga C yako," akasema. Nikapiga. Yeye akapuliza ya kwake, na ikawa sauti nyingine, chini kidogo. Akamwita mpiga saksafoni naye akapuliza C yake, ikawa nyingine kabisa. "Umeona? Sote tumesema C, na hakuna aliyedanganya. Kila chombo kimetengenezwa na C yake. Wewe mpangaji ndiye wa kujua ya kila mtu." Nikaenda nyumbani na hilo. Kesho yake nilikuja na daftari ambalo nimemwandikia kila mtu kwa ufunguo wake, na kantini ikatulia.

Kosa la pili lilikuwa la pumzi. Mkono wa mpiga piano haupumui, kwa hiyo nilimwandikia mpiga saksafoni mstari mrefu mzuri usio na mahali pa kuvuta hewa. Aliupiga wote kwa ubishi, macho yakamwiva, akakaa chini kwenye gunia la mchele. "Sista," akasema alipoweza kusema, "huu wimbo ni wa marehemu?" Tangu hapo kila mstari niliouandika niliuimba kwanza huku natembea. Nikiona natweta, naukata.

Kuhusu mjomba. Sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na jambo zito linaamuliwa na mjomba. Habari kwamba napiga muziki wa dansi na wanaume zilipofika juu, mjomba wangu alishuka na kikapu cha njegere na sura ya mtu aliyekuja kunirudisha nyumbani. Aliomba tu kuja mazoezini. Alikaa kwenye benchi, fimbo kati ya magoti, akasikiliza kipindi kizima huku mimi nikiwaimbia watu sauti zao na kuwarudisha walipokosea.

Tulipotoka nje akauliza, "Wale wanaume wote wanakusikiliza wewe?"

"Wananisikiliza, mjomba."

"Na yule mwenye gitaa, anayeongea sana?"

"Huyo ndiye kiongozi."

"Mh." Tukatembea kidogo. "Endelea. Jumapili asubuhi uwe kanisani. Na huyo anayeongea sana, mwangalie."

Ikaja siku ya kurekodi. Sostenesi alikuwa ametunga wimbo wa mume anayemwomba mkewe arudi kutoka kwao Kilosa. Tyuni yake ilikuwa tamu, hilo sitamnyima hata siku moja. Mimi niliupanga kwa wiki tatu. Utangulizi ulikuwa wangu mwenyewe kwenye piano: mkono wa kushoto unashuka polepole kama mtu anayeteremka kilima na mzigo, wa kulia unamjibu kwa noti tatu tatu. Kwenye bugi, yale madansi ya Jumapili mchana, watu walikuwa wameshaanza kuuitikia. Studio moja ya Dar es Salaam ikatukubali, tukaondoka alfajiri, mimi nimevaa gauni langu la Pasaka.

Tulipofika, fundi mitambo wa studio akatazama bendi yetu, akatazama piano iliyokuwa kwenye kona, akatikisa kichwa. "Nina maikrofoni tatu tu zinazofanya kazi. Waimbaji, wapulizaji, magitaa. Piano ikipigwa humu ndani itawazamisha wote. Mrekodi bila piano, au mrudi siku nyingine."

Sostenesi akanigeukia. Nyuso zote zikanigeukia. Siku nyingine tulijua haipo, maana kupata ruhusa ya kiwanda kwa watu kumi mara mbili haiwezekani.

Nikasema, "Nipeni mpaka fundi atakapofunga mkanda wa kurekodia."

Nikatoka koridoni, nikakaa sakafuni na daftari kwenye magoti. Mkono wangu wa kushoto nikampa saksafoni, nikaukata mara mbili ili apumue. Mkono wa kulia nikawagawia Mzee Athumani na mwenzake. Kodi za katikati, zile noti zinazopigwa kwa pamoja, nikampa mpiga gitaa la rithim. Kila nilichokuwa nimepanga kukipiga mimi nilikitoa, kipande kwa kipande, mpaka nikabaki sina kitu. Nikaingia, nikawaimbia mara mbili, nikatoka tena. Nilisimama nyuma ya kioo na fundi mitambo.

Wakapiga. Wanangu, ilikuwa nzuri kuliko nilivyowahi kuipiga mimi. Mzee Athumani alizipuliza zile noti tatu tatu kwa ulaini ambao piano haina. Nililia pale nyuma ya kioo, na sikujua ni furaha au ni nini.

Walipomaliza, karani wa studio akaja na fomu. Jina la bendi, jina la wimbo. "Mtunzi?" Sostenesi akajitaja. "Mpangaji?" Akajitaja tena, bila hata kuvuta pumzi. Karani akaandika wapigaji wote, kisha akaninyooshea kalamu. "Na huyu dada?"

"Huyo tumekuja naye," Sostenesi akasema.

Mimi nilikuwepo pale pale na sikusema neno. Mnaweza kuniuliza kwa nini, na nimejiuliza sana mwenyewe. Nilikuwa mwanamke mmoja kati ya wanaume tisa, mbali na nyumbani, na alisema kwa wepesi mno, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mpaka nipate jibu, karani alikuwa ameshafunga faili.

Wimbo ule ukapigwa redioni mwaka mzima. Unapigwa mpaka leo kwenye vipindi vya zilipendwa, na mtangazaji husema, "Sikilizeni zile tarumbeta!" Wengi wenu mnaupiga ule utangulizi kwenye harusi. Mnaujua kwa vidole.

Niliwaza kuacha. Mzee Athumani akaniuliza, tukiwa tumekaa nje ya kantini, "Sasa utafanya nini?"

"Sijui. Wewe ungefanya nini?"

Akafikiri. "Jumapili hii wakianza ule utangulizi, usinitazame mimi. Tazama viti."

Nikavitazama. Tarumbeta zilipoingia, viti vyote vya ukumbi vilirudi nyuma kwa pamoja, watu wakainuka. Sikusahau hasira, lakini nilibaki. Mwaka uliofuata nilimbana Sostenesi njiani tukitoka kazini, nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Hakukasirika. Alisema, "Watu wananijua mimi, Sista. Ningewachanganya." Nikaona kweli anaamini hivyo. Kiwanda kilipofungwa bendi nayo ikafa. Piano ya kantini sijui ilikwenda wapi. Mzee Athumani alirudi Kigoma, akafia huko. Sostenesi akafungua banda la kutengeneza redio kule Kihonda. Mimi nikafundisha kwaya, kanisa hili na lile, mpaka Mzumbe, miaka mingi, kazi nzuri isiyo na kelele. Tulipokutana sokoni tulisalimiana, habari za watoto, nzuri, basi.

Sasa hili la mwisho ni la juzi juzi tu. Mke wake alikuja hapa Bigwa. Namwita Mama Neema, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Hakutaka hata kukaa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, Mama Neema. Karibu. Kuna nini?"

"Baba Neema kapata kiharusi. Mkono wa kulia umelala. Na hasemi, dada. Anaelewa kila kitu, unamwona anaelewa, lakini maneno hayatoki. Anabaki na na-na-na, halafu anapiga meza." Akajifuta uso kwa kanga. "Lakini juzi redio ilipiga wimbo wenu. Akaimba. Maneno yote, mpaka mwisho! Hospitali wametuambia wapo wagonjwa wa namna hiyo, tujaribu kupitia nyimbo. Mimi nyimbo sizijui. Nikakufikiria wewe."

Nilimwambia nitaangalia. Akaondoka, nikarudi kwenye matuta yangu, nikapalilia siku tatu. Sitawadanganya. Siku ya kwanza nilifikiri: na huyo alikuwa na maneno mengi. Siku ya pili nilifikiri hivyo hivyo, ila haikunifurahisha tena. Siku ya tatu nikajikuta natembea kati ya mchicha nikiimba "naomba maji", naijaribu kwa noti mbili, kisha tatu. Nikaacha jembe.

Nilimkuta kwenye kiti barazani, amekonda. Aliponiona alifungua mdomo, akahangaika, akaufunga. Akatazama pembeni. Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake.

"Leo wewe ndiye bendi," nikamwambia. "Nitakupangia."

Nilichofanya ni kazi yangu ile ile, kwa kiwango kidogo kuliko nilivyowahi kuifanya. Kiswahili kina tyuni yake tayari: sauti inaegemea silabi ya pili kutoka mwisho. Naomba máji. Nataka chái. Mtunzi anayepinda hapo anaharibu neno, na ubongo wa mgonjwa unalikataa. Kwa hiyo nilipandisha pale ambapo neno lenyewe linapanda, basi. Nikashika mkono wake wa kushoto, nikawa nagonga nao meza, pigo moja kwa kila silabi. Tunaimba pamoja mara kumi. Kisha napunguza sauti yangu, ninabaki kuchezesha midomo tu, yeye anaendelea. Mwanzoni nilipanga juu mno, akakwama. Nikashusha, ikatoka. Baadaye tunafanya noti zikaribiane zaidi, zaidi, mpaka wimbo unakaribia kuwa maneno ya kawaida.

"Naomba maji" ilichukua siku tisa. Mama Neema aliyaleta yale maji anakimbia, nusu yakamwagika. Sostenesi hakuwa hata na kiu, lakini alikunywa yote.

Tukaongeza. "Nataka kulala." "Zima redio." Hiyo aliipenda, akaitumia hata redio ikiwa imezimwa. Kisha mkewe akaniomba majina ya watoto, maana walikuwa wakipiga simu na baba yao anabaki kulia tu. Nikampangia Neema, nikampangia Baraka, nikampangia Anjela, kila mtoto na vinoti vyake. Nilimsikia mwenyewe siku alipomwita Anjela kwenye simu. Upande wa pili binti akaanza kupiga kelele kumwita mumewe aje asikie.

Jina langu sikulipanga. Niliwaza, nikaona hapana. Mtu hawezi kumfundisha mwenzake kumtaja, halafu akajidanganya kwamba ametajwa. Kwa hiyo nilipofika nilimsalimia, yeye akaitikia kwa kichwa, tukaanza kazi, na hivyo ikatosha.

Wiki iliyopita nilichelewa kwa sababu ya mvua. Nilifika baraza limelowa, yeye yuko kwenye kiti chake, mkono wa kushoto juu ya meza. Kabla sijafunga mwavuli akaanza kugonga. Moja, mbili, tatu, nne. Nikadhani anataka maji. Akagonga tena, akavuta hewa, akaimba, taratibu, noti nne ambazo sijawahi kumfundisha:

"Sko-la-sti-ka."

Akanitazama kuona kama nimesikia. Akarudia. Haikuwa tyuni ya wimbo wowote tuliowahi kupiga. Inaonekana alikuwa ameifanyia mazoezi peke yake, siku ambazo siji.

"Naam, Sostenesi," nikaitika.

Mama Neema akatoka jikoni, mikono ina unga. "Nimesikia kitu kipya! Hicho umempangia lini, dada?"

Nikamwambia hapana, kila noti ni ya Sostenesi mwenyewe.